Mwongozo kamili: kukusanya mabehewa ya mizigo ya reli ya mfano bila kumaliza mfuko

Wengi wanaoanza kukusanya mabehewa ya mizigo hukwama mahali palepale. Rafu imejaa maboksi, mfuko umetoboka, na treni ya mabehewa sita haimalizi mzunguko bila moja kuacha reli. Mara nyingi shida si uchache wa fedha. Shida ni kwamba fedha ilihesabiwa mara moja tu, siku ya kununua, wakati behewa lina bei mbili: ya kulipata, na ya kulifanya litembee. Mwongozo huu unaihesabu hiyo ya pili tangu mwanzo.

Mifano mingi hapa ni ya kipimo cha HO, yaani 1:87 (behewa la mfano ni dogo mara 87 kuliko la kweli), kwa sababu ndicho kilichoenea zaidi na ndicho chenye mitumba mingi. Wenye vipimo vingine, kama N, OO au O, fuateni hatua zilezile, mkibadilisha namba pale nitakapoonyesha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kununua behewa lolote

- Futi ya kamba, daftari (au jedwali kwenye simu) na kalamu.
- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja.
- Kalipa (kifaa chenye taya mbili cha kupimia vitu vidogo), hata ile ya plastiki ya bei rahisi.
- Kipimo cha NMRA (chama cha Kimarekani cha reli za mfano) cha kukagulia magurudumu na reli. Ni kipande kimoja cha bati chenye pengo na meno, na kila kipimo cha treni kina chake.
- Kipimo cha kimo cha viungio, yaani vile vinavyoshikanisha behewa na jingine. Cha Kadee namba 205 ndicho kinachotumika sana kwa HO.
- Bisibisi ndogo za aina mbili, kibano, kisu chenye makali na msasa laini.
- Washa nyembamba za fiba, nati na washa za chuma za kuongezea uzito, na gundi.
- Unga mkavu wa grafiti.
- Kipande cha reli iliyonyooka, kiasi cha mita moja, kilichopigiliwa juu ya ubao.

Orodha inaonekana ndefu, lakini vingi vyake hununuliwa mara moja vikadumu miaka. Ukilazimika kuchagua, anza na vile vipimo viwili. Asiye navyo hununua magurudumu mapya kutibu ugonjwa ambao ungepona kwa kuzungusha skrubu.

## Hatua ya 1: Jua reli yako inabeba nini

Kabla ya kuangalia rangi na nembo, pima kona zako. Kanuni inayofanya kazi vizuri ni kwamba nusu kipenyo cha kona kiwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa. Seti nyingi za HO za Kimarekani za kuanzia huja na kona ya nusu kipenyo cha inchi 18, yaani kama sentimita 46. Igawe kwa tatu, unapata sentimita 15, ambao ndio urefu wa mfano wa behewa la futi 40 (futi ni za behewa la kweli).

Sasa chukua behewa la kisasa la kubebea magari, lenye futi 89. Katika HO lina sentimita 31. Kwa kanuni hiyo linataka kona ya zaidi ya sentimita 90. Kwenye kona ya seti litatanua mwili nje ya reli, litagonga kila kilicho kando, na likisukumwa kinyumenyume litavuta jirani yake chini. Hakuna marekebisho ya mezani yatakayolisaidia. Hayo ndiyo mabehewa unayoyaona yakiuzwa "karibu mapya" kwa bei ya kutupa, na sasa unajua kwa nini.

Kagua pia kama mfumo wako wa umeme unakubaliana na unachonunua. Mabehewa ya Märklin ya HO hutembea kwenye reli ileile ya upana wa milimita 16.5, lakini mfumo wake huchukua umeme kwa nukta za katikati, na magurudumu yake hayajatengwa. Ukiyaweka kwenye reli ya kawaida ya njia mbili, yaani ile ambayo umeme huenda kwa reli moja na kurudi kwa nyingine, yanaunganisha reli ya kushoto na ya kulia na kukata umeme papo hapo. Yanafaa tu ukiyabadilishia magurudumu, kwa hiyo gharama ya magurudumu iingie kwenye hesabu kabla hujalipa.

Umefanikiwa ukiwa na: sentensi moja kwenye daftari. "HO, njia mbili, hakuna behewa lenye urefu wa zaidi ya sentimita fulani." Sentensi hiyo peke yake itakuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la bei.

## Hatua ya 2: Chagua kipindi, halafu mzigo

Anayenunua kila behewa zuri analoliona hapati treni. Anapata maonyesho. Kipindi kimoja na mizigo miwili au mitatu hupunguza vishawishi, na hufanya mabehewa machache yaonekane kama treni ya kweli.

Huhitaji kuwa mwanahistoria wa reli, kwani behewa lenyewe hutaja umri wake. Kwenye ubavu wa behewa la Kimarekani, tafuta herufi BLT zikifuatiwa na mwezi na mwaka, kwa mfano BLT 5-57. Hiyo ni tarehe ya kutengenezwa, na behewa hilo halina kazi kwenye treni ya mwaka 1950. Angalia na paa: mabehewa mapya ya boksi yaliacha kuwekewa njia ya kutembelea juu ya paa kuanzia mwaka 1966, na ya zamani yakaondolewa zao taratibu baadaye. Kibandiko cha mistari ya rangi rangi, kile ambacho mashine ilikisoma treni ikipita, ni cha tangu 1967 hadi miaka ya 1970.

Kwa upande wa Ulaya, namba ndefu ya tarakimu 12 ubavuni inakuambia uko kwenye kile wakusanyaji wanachokiita kipindi cha IV au baada yake, yaani karibu mwaka 1970 kuja huku. Watengenezaji wa Ulaya huandika namba ya kipindi kwenye boksi, jambo ambalo ningependa kila mtengenezaji aige.

Kisha mzigo. Makaa ya mawe ni chaguo bora kwa mwenye mfuko mdogo: mabehewa ya aina moja, mengi, yakisafiri pamoja, na kununua kumi yanayofanana si kasoro bali ndivyo treni hizo zilivyo. Treni ya mizigo mchanganyiko ni ghali zaidi, maana kila behewa lina sura yake, na jicho hudai aina mpya kila wakati.

Tahadhari: usichague kipindi kwa sababu ya behewa moja unalolipenda. Chagua kwa kichwa cha treni ulichonacho tayari. Vichwa ndivyo ghali, na mabehewa ndiyo yakifuate.

## Hatua ya 3: Hesabu mabehewa unayohitaji

Hapa ndipo bajeti nyingi zinapoponea. Pima njia ya pembeni iliyo ndefu kuliko zote kwenye reli yako, ile ambayo treni moja husubiri nyingine ipite. Tuseme ni sentimita 180. Toa sentimita 20 za kichwa na sentimita 10 za usalama kwenye ncha. Zinabaki 150. Behewa la futi 40 la HO, ukihesabu na kiungio chake, huchukua kama sentimita 16. Treni yako ndefu kuliko zote ni mabehewa 9.

Sasa jumlisha urefu wa njia zote za kupakia, kupakua na kuegesha mabehewa, uone zinabeba mangapi. Chukua kama nusu ya idadi hiyo, au theluthi mbili ukizidi sana. Njia zikijaa kabisa huwezi kupanga treni, kwa kuwa kila behewa unalotaka kulitoa limezibwa na lingine ambalo nalo halina pa kwenda. Reli yenye nafasi ya mabehewa 40 huchezwa vizuri ikiwa na 20 hadi 26.

Andika namba hiyo kubwa juu ya ukurasa. Watu hushangaa inavyokuwa ndogo. Anayejua anahitaji 24 na ana 15 hununua kwa utulivu. Asiyejua hununua mpaka fedha iishe.

Kuna wasio na reli kabisa, wanaokusanya kwa kuweka kwenye kabati la kioo. Hilo halina ubaya wowote. Namba yao ni urefu wa rafu, na hatua ya 6 hawaihitaji.

## Hatua ya 4: Tafuta bei ya kufika relini

Kwa kila behewa unalolifikiria, andika mistari hii mitano kabla ya kulipa:

1. Bei ya behewa lenyewe.
2. Usafirishaji, na ushuru kama linavuka mpaka.
3. Magurudumu ya chuma, kama yaliyopo ni ya plastiki au yamepinda.
4. Viungio, kama vilivyopo havishikani na vyako.
5. Vipande vilivyovunjika: ngazi, breki, kifuniko.

Jumlisha. Hiyo ndiyo bei ya kufika relini, na ndiyo pekee unayolinganisha.

Tuseme behewa la mtumba ni 10 kwa fedha unayotumia, kusafirisha 5, magurudumu 4, viungio 4. Jumla 23. Kando yake kuna jipya la 22 ambalo tayari lina magurudumu ya chuma na viungio vizuri, nalo unaweza kulichukua mwenyewe bila kulipia usafiri. Mtumba umeshindwa. Lakini mabehewa manane ya mtumba yakiuzwa kwa fungu, yakasafirishwa kwenye boksi moja kwa 8, gharama ya usafiri inashuka hadi 1 kwa behewa, na kila moja linafika relini kwa 19. Ndiyo maana behewa la mtumba moja moja kwa njia ya posta ni karibu kila mara hasara, na fungu ni karibu kila mara faida, mradi angalau robo tatu ya fungu ni la kipindi chako.

Magurudumu na viungio nunua kwa pakiti kubwa. Pakiti ya ekseli 100 hushusha bei ya kila moja kwa kiasi kinachoonekana, na zitatumika tu.

## Hatua ya 5: Nunua kwa macho makavu

Una milango mitatu.

Mabehewa ya kuunga mwenyewe. Kwa maoni yangu huu ndio mlango bora kwa mwenye fedha kidogo na jioni moja ya nafasi. Accurail bado wanatengeneza ya HO yanayokuja na rangi na maandishi tayari. Kazi yako ni bisibisi, gundi kidogo na subira. Yale ya zamani ya Athearn yenye boksi la bluu hayatengenezwi tena, lakini sokoni kwa mitumba yapo tele, na bamba la chuma linalokaa sakafuni huyapa uzito wa kuanzia. Ukishaunga behewa, unajua kila skrubu yake ilipo, na matengenezo hayakutishi tena.

Mitumba. Maonyesho ya treni, minada, wenzako wanaobadilisha kipimo. Ukiliona ana kwa ana, ligeuze juu chini kabla ya kusifia rangi. Tazama kama bogi zote mbili, yaani fremu zinazoshika magurudumu, zipo na zinazunguka. Puliza gurudumu: linapaswa kuzunguka lenyewe kitambo, si kusimama palepale. Kisha weka behewa mezani ulitazame kwa usawa wa jicho. Likitikisika kama meza yenye mguu mfupi, sakafu imepinda, na plastiki iliyopinda ni ngumu kuinyoosha.

Kwa picha, omba mbili ambazo wauzaji hawapendi kuziweka: chini ya behewa, na viungio kwa karibu. Kwenye mabehewa ya zamani ya HO ya Kimarekani utakuta kiungio cha plastiki chenye umbo la herufi X iliyokatika, chenye pembe inayochomoza pembeni. Hakishikani na viungio vya ngumi vya leo. Si kasoro ya kukufanya uondoke, ila ni mstari wa nne kwenye hesabu yako.

Mapya yaliyo tayari. Yana ubora ambao haukuwahi kuwepo: mabomba ya breki yote chini, ngazi za waya, maandishi yanayosomeka kwa kioo cha kukuzia. Yana pia mtego. Watengenezaji wengi hutangaza toleo miezi mingi mapema, hukusanya oda, kisha hutengeneza kiasi kidogo. Oda ulizoweka kwa nyakati tofauti zinaweza kufika mwezi mmoja. Kwa hiyo oda iliyowekwa iandike kwenye bajeti kama deni siku hiyohiyo, hata kama hujalipa senti.

Na ile hofu ya "nikikosa sasa sitalipata tena" ipunguze. Toleo likiuzika, mara nyingi hurudi baadaye likiwa na namba mpya ubavuni.

Tahadhari: kama behewa ni la zamani sana na bado liko kama lilivyotoka kiwandani, mathalani la bati la Lionel la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, usilipake rangi wala kulibadilisha viungio. Thamani yake iko kwenye uasili wake. Liuze kwa anayelitafuta, ununue matatu ya kutembeza.

## Hatua ya 6: Fikisha behewa relini

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotofautisha mkusanyo na lundo. Ifanye kwa kila behewa, hata jipya, kabla halijaingia kwenye treni. Fuata mpangilio huu: ukirekebisha kiungio kabla ya gurudumu, utakirekebisha tena, kwa sababu gurudumu lenye ukubwa tofauti hubadilisha kimo cha behewa.

6.1 Magurudumu. Chomoa ekseli kwa kupanua bogi kwa vidole. Iweke kwenye kipimo cha NMRA: kingo zote mbili za magurudumu ziingie kwenye mapengo yake bila kulazimishwa. Ikiwa finyu au pana, shika magurudumu yote mawili, zungusha huku ukivuta au kusukuma kidogo, upime tena. Gurudumu lililo finyu hupanda kwenye pointi (pale reli inapogawanyika njia mbili), na utailaumu pointi.

Ukibadilisha, pima urefu wa ekseli ya zamani kwa kalipa, ncha hadi ncha. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuharibu. Ikiwa fupi, behewa linayumba. Ikiwa ndefu, bogi inaibana. Katika HO ya Kimarekani mabehewa mengi hutumia gurudumu la inchi 33 na yale mazito ya tani 100 la inchi 36, yaani kama milimita 9.6 na 10.5 kwenye behewa la mfano.

Chuma ni bora kuliko plastiki kwa sababu huteleza vizuri na hakikusanyi uchafu upesi. Gurudumu la plastiki huvaa koti jeusi la vumbi na kulisambaza reli nzima.

6.2 Bogi. Kaza skrubu ya bogi moja mpaka izunguke kushoto na kulia lakini isipepesuke. Ya pili ilegeze kidogo zaidi, iweze na kuinama pembeni. Behewa sasa limesimama kwa nukta tatu, na litafuata reli isiyo sawa bila kuinua gurudumu. Gharama yake ni sifuri. Sijui tiba nyingine ya bei hiyo inayoponya mabehewa mengi kiasi hicho.

6.3 Viungio. Weka behewa kwenye ubao wako wa reli, lisogeze kwenye kipimo cha kimo cha viungio. Kiungio cha behewa kilingane na cha kipimo, kisiwe juu wala chini. Kikiwa chini, tia washa nyembamba ya fiba kati ya bogi na sakafu, behewa litanyanyuka. Kikiwa kinainamisha pua tu, tatizo liko ndani ya kasha lake, hivyo kata kipande chembamba cha plastiki ukiweke chini ya shingo ya kiungio, karibu na mdomo wa kasha. Kikiwa juu sana, punguza kimo cha pale bogi inapokalia kwa msasa, kidogo kidogo.

Angalia na ule waya uliopinda chini ya kiungio unaofanana na bomba la breki. Ukigusa reli, utanasa kwenye pointi. Upinde juu kidogo.

Kilainishi ni grafiti kavu, si mafuta. Mafuta hukamata vumbi na kugandisha kiungio.

Behewa ambalo viungio vyake vimefungwa kwenye bogi badala ya mwili husumbua treni ndefu inaporudi nyuma, kwa sababu msukumo unapindisha bogi. Kwa treni ya mabehewa matano achana nalo. Kwa ishirini, hamishia viungio kwenye mwili.

6.4 Uzito. NMRA wana pendekezo ambalo limedumu kwa sababu linafanya kazi. Kwa HO: aunsi 1, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa gramu ni 28 za kuanzia na 5.6 kwa kila sentimita. Behewa la sentimita 15 litakuwa na 28 + 84, yaani gramu 112. Kwa N ni gramu 14 za kuanzia na 1.7 kwa kila sentimita, hivyo behewa la sentimita 8 lina kama gramu 28.

Muhimu kuliko namba kamili ni kwamba mabehewa yako yalingane. Jepesi likiwa katikati ya mazito huvutwa kuelekea ndani ya kona mpaka linaanguka, na kosa linaonekana ni la kona.

Nati na washa za chuma zipange chini kabisa, katikati ya bogi mbili na uzito ukigawanyika sawa kwa mbele na nyuma, uzigundishe kwenye sakafu. Behewa tambarare lisilo na mzigo ndilo gumu. Tumia nafasi ndogo iliyo kati ya mihimili chini ya sakafu, au lipe mzigo wa kudumu.

Tahadhari: usichanganye chembe za risasi (ile metali nzito) na gundi nyeupe ya mbao. Vikifungiwa pamoja, risasi huliwa polepole, huvimba na kupasua ubavu wa behewa, wakati mwingine baada ya miaka, ukiwa umeshasahau ulichoweka ndani. Chuma na gundi ya epoksi havina tabia hiyo, na risasi yenyewe ni sumu, hasa kwa watoto.

6.5 Jaribio. Kwanza inua ncha moja ya ubao wa mita moja kwa sentimita 2 au 3. Behewa zuri huondoka lenyewe. Lisipoondoka, rudi 6.1.

Kisha reli halisi. Liweke mara tu nyuma ya kichwa, mabehewa mengine yote yakiwa nyuma yake, uvute polepole kwenye kila kona. Hapo ndipo mvuto ni mkubwa kuliko pote. Mwishoni mwa treni hata behewa bovu hutembea. Baada ya hapo sukuma treni nzima kinyumenyume kupitia pointi zote.

Umefanikiwa ikiwa: limepita mbele na nyuma bila kuguswa na mkono. Bandika nukta ndogo ya rangi chini ya sakafu. Lisilo na nukta haliingii kwenye treni, hata likiwa zuri vipi.

## Hatua ya 7: Fanya machache yaonekane mengi

Ukiwa na mabehewa sita ya toleo moja yenye namba ileile, badilisha namba. Huhitaji zote: tarakimu mbili za mwisho zinatosha, kwa stika za maji. Futa za zamani kwa kijiti cha pamba kilicholowa alkoholi kidogo, ukianzia mahali pasipoonekana, kwa maana baadhi ya rangi hutoka pamoja na namba.

Halafu uchakavu. Moja liache jipya, matatu yatie vumbi la kawaida, moja lipake kutu nzito kwenye ncha, moja liwe limepauka kabisa. Unga wa chaki laini wa rangi ya udongo na brashi laini vinatosha, ukimalizia na vanishi isiyong'aa. Weka chaki nzito kuliko unavyotaka iwe, kwa kuwa vanishi humeza nusu yake. Mwenye macho ataona mabehewa sita. Uliyenunua unajua ni moja mara sita.

Mizigo inayotoka nayo hufanya kazi hiyohiyo: behewa la wazi likienda na mbao na kurudi tupu ni kama mabehewa mawili.

## Hatua ya 8: Daftari na kikomo

Kwa kila behewa andika nembo, namba, mtengenezaji, bei ya kufika relini, uzito na tarehe lilipopata nukta. Picha moja ya kila ubavu. Daftari hili hukuzuia kununua namba uliyo nayo tayari, jambo linalotokea kwa urahisi ukiwa umevuka mabehewa thelathini.

Weka kiasi cha kila mwezi, na usichotumia kihamie mwezi unaofuata. Ukifika ile namba ya hatua ya 3, kila linaloingia litoe moja. Uza lile ambalo halijatoka kwenye boksi kwa muda mrefu kuliko yote. Usiulize unalipenda kiasi gani. Jibu huwa lilelile.

## Hatua ya 9: Kuhifadhi

Joto hupinda plastiki, kwa hiyo chini ya paa la bati na ndani ya gari si mahali pake. Mwanga wa jua huchuja nyekundu na njano kwanza. Sponji ya zamani iliyokuja na boksi huoza, ikawa unga wa kunata unaoganda kwenye rangi. Itoe, uweke karatasi laini isiyo na asidi.

Vipande ulivyovitoa, viungio vya zamani na magurudumu ya kwanza, vitie kwenye bahasha yenye namba ya behewa na uiweke ndani ya boksi lake. Siku ya kuuza, mnunuzi atavilipia. Na namba ya behewa iandike kwenye ubavu mfupi wa boksi, si juu ya kifuniko, ili uisome bila kushusha maboksi yote.